Wakala anataka amana ya upasuaji wa kupunguza uzito: nimtumie?

Kwenu wataalamu wa safu ya afya,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkaazi wa Kisauni, mama wa watoto watatu. Nina kilo 112 na urefu wangu ni mita 1.60. Sukari niligunduliwa miaka minne iliyopita, presha ikafuata. Dawa zangu ni metformini na glibenklamaidi za sukari, na losatani iliyochanganywa na haidroklorothiazaidi ya presha. Magoti yananiuma nikipanda ngazi, basi kila jioni nanunua vidonge viwili vya diklofenaki dukani. Kiungulia hunipata takriban kila usiku, nalalia mito mitatu. Sivuti sigara, ila kwenye harusi shisha ikipita huonja.

Nimejinyima mara nyingi. Mara ya mwisho nilipunguza kilo 9, zikarudi 12. Wifi yangu alikatwa tumbo India miaka miwili iliyopita, ule upasuaji wa slivu, akapungua hadi watu wakawa hawamtambui. Yeye ndiye aliyenipa nambari ya wakala. Wakala hakuuliza mengi, alitaka kilo na urefu tu. Anasema nitafika kilo 60, nitapasuliwa siku ya pili baada ya kutua, na siku ya tano nitapanda ndege kurudi nyumbani. Anataka amana ya shilingi 150,000 kabla ya mwisho wa mwezi, na hairudishwi.

Mamangu analia, anasema nitarudishwa kwenye jeneza. Mume wangu anasema hatatia sahihi, na isitoshe anataka tupate mtoto wa nne. Mimi mwenyewe nawaza Ramadhani nitafungaje. Je, niende au nisiende? Na mtu kama mimi anahitaji kujua nini kabla ya kukubali?

Mama wa Watatu, Kisauni

JIBU

Waalaikum salaam, Mama wa Watatu. Tuanze na lenye haraka: amana usitume. Si kwamba upasuaji haukufai. Kwa hesabu wakufaa. Kilo 112 ukizigawa kwa 1.60 mara 1.60 unapata BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya karibu 44. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama sukari. Ule wa 2022 uliotolewa na vyama vya madaktari wa upasuaji huu ulishusha hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Wewe umevuka yote miwili. Shida ni kwamba umeshonewa nguo kabla hujapimwa, na huenda mshono wenyewe ndio usiokufaa kabisa.

Kilichotushtua katika barua yako ni ile mito mitatu. Katika slivu, daktari hupitisha mrija mnene mdomoni hadi tumboni uwe kipimo chake, kisha kwa stepla ya upasuaji hukata na kubana papo hapo, akatoa robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi kidogo. Kinachobaki ni kama ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Ndizi hiyo haitanuki kama tumbo la kawaida, kwa hivyo msukumo ndani yake ni mkubwa, na asidi ikisukumwa hupanda juu kooni. Mwenye kiungulia mara nyingi huzidishiwa, na hata asiyekuwa nacho aweza kukipata. Asidi ikichoma umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, miaka na miaka, wapo wanaorudishwa chumba cha upasuaji wageuziwe aina nyingine. Wifi yako huenda hakuwa na kiungulia. Tumbo lake si lako.

Ndiyo maana kipimo chako cha kwanza ni endoskopi, ile kamera inayopitishwa kooni. Inafanywa papa hapa Mombasa, huna haja ya kuifuata ng'ambo. Mwambie daktari akutazamie mambo matatu: iwapo sehemu ya juu ya tumbo imepanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, iwapo umio umeshachomeka na kwa kiasi gani, na iwapo una H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo. Kama unameza omeprazoli au dawa za jamii hiyo, uliza mapema kuhusu kuziacha wiki mbili kabla, maana huwaficha bakteria na kipimo kikasema huna kumbe unao. Wakipatikana, tiba ni siku 14 za antibiotiki, halafu hupimwi tena mpaka zipite angalau wiki nne baada ya kuzimaliza. Hapo umeshakula mwezi na nusu. Wakala wa mwisho wa mwezi hana nafasi ya haya yote.

Upasuaji ambao kwa kawaida hutuliza kiungulia, na ambao kwa mwenye sukari huwa na nguvu zaidi, ni baipasi. Hapo daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kama mililita 30, ukubwa wa yai, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijapungua. Ugonjwa wa miaka minne bila insulini una nafasi nzuri ya kunyamaza, ingawa waweza kurudi baadaye. Pima macho kwanza, kwa sababu sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishuka ghafla, mishipa ya nyuma ya jicho iliyokwisha kuharibika yaweza kuharibika zaidi.

Baipasi nayo ina deni lake. Mwanzo wa utumbo unaorukwa ndipo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi, na vitamini B12 huhitaji msaada wa tumbo ambalo sasa halikutani na chakula. Metformini yenyewe tayari hupunguza B12 mwilini, kwa hivyo ipimwe kabla ya kupasuliwa, pamoja na feritini (akiba ya chuma mwilini), vitamini D, wingi wa damu, figo, ini, tezi ya dundumio iliyo shingoni, na HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu). Tena, pale kifuko kilipounganishwa na utumbo huota vidonda kwa urahisi, na maadui wawili wakubwa wa mahali hapo umewataja mwenyewe: diklofenaki na moshi. Baada ya baipasi, dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hazirudi tena maishani. Shisha ni moshi wa tumbaku hata ukinukia tofaa. Iache angalau wiki sita kabla, na usiionje tena hata harusi iwe ya nani.

Sasa hesabu ya kilo, kwa sababu hapo umepewa ahadi isiyo na mizani. Mtu wa kawaida hupoteza takriban asilimia 25 ya uzito wake kwa slivu na kama 30 kwa baipasi, katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Kwa kilo 112 hiyo ni kilo 28 hadi 34, ubaki na 78 hadi 84. Wapo wanaopita hapo na wapo wasiofika, na wengi hurudisha kilo chache miaka ifuatayo. Kwa magoti, presha na sukari, kilo 80 ni mabadiliko makubwa. Kwa aliyeahidiwa 60, ni kushindwa, na watu huanza kujilaumu kwa kosa la hesabu ya mtu mwingine. Ngozi ya tumbo na mikono italegea. Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, nyingi huota tena ikiwa protini na chuma zinatosha.

Tuje kwenye ile siku ya tano. Mshono wa stepla ukivuja, mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza. Katika slivu hutokea hasa kwenye kona ya juu, penye damu kidogo na msukumo mwingi. Hali hiyo si ya kila siku, ni kama mmoja kwa mia, lakini ikikukuta angani au umeshafika Kisauni na aliyekupasua yuko bara jingine, saa zinazopotea ndizo zinazoua. Damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni nako hutokea zaidi mwezi wa kwanza, na safari ndefu ya kukaa kitako haisaidii. Ukienda mbali, iwe India au Nairobi, panga kubaki karibu na hospitali siku 10 hadi 14.

Mamako analia, umesema. Mpe idadi: hospitali zenye uzoefu hupoteza mgonjwa takriban mmoja kati ya elfu. Si sifuri. Lakini si jeneza la kila mtu, na kubaki na sukari na presha kwa uzito huo kuna hatari yake pia.

Mwandikie wakala, kwa maandishi na si kwa simu, umtake akujibu. Daktari gani hasa atakayepasua, na amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi mwaka jana? Amevujiwa na wangapi, na wangapi amewarudisha chumba cha upasuaji? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi humo humo hospitalini? Nikipata tatizo nikiwa Mombasa, nani atalipa na nani atanipokea? Ripoti ya upasuaji nitapewa kabla ya kuondoka, ikionyesha aina, urefu wa utumbo uliorukwa na mrija uliotumika? Akichelewa kujibu au akajibu kwa picha za kabla na baada, umepata jibu. Kwa daktari wa Kenya, angalia jina lake kwenye daftari la Baraza la Madaktari, KMPDC, linalopatikana mtandaoni. Na popote utakapopasuliwa nchini, Sheria ya Afya ya 2017 inataka maelezo yatolewe kwa lugha unayoielewa. Dai Kiswahili bila kuona haya.

Kabla ya safari yoyote, tafuta daktari wa Mombasa atakayekubali kukufuatilia: wiki ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Huyu ni muhimu kuliko wakala na, kwa maoni yetu, pengine kuliko mpasuaji. Ukimkosa, ahirisha. Ukishapasuliwa, tembea na karatasi mfukoni yenye aina ya upasuaji na tarehe. Maana ukifika kitengo cha dharura unatapika, muuguzi asiyejua aweza kukupitishia mrija puani kwenda tumboni bila kuona unakokwenda, na mshono mbichi ukatoboka. Mashine yako ya presha nyumbani huonyesha pia mapigo ya moyo. Yakizidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, au una homa, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi, mguu mmoja umevimba, usingoje asubuhi. Na baada ya baipasi, hata miaka miwili au mitatu baadaye, maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka baada ya kula yaweza kuwa utumbo ulionasa kwenye mwanya wa ndani. Hapo unahitaji picha ya CT na mpasuaji, si dawa ya gesi.

Kuna jambo wanawake wa hapa huliuliza kwa kunong'ona, basi tulitaje. Sindano ya kuzuia damu kuganda inayotumika sana, enoksaparini, asili yake ni utumbo wa nguruwe. Ipo nyingine, fondaparinuksi, inayotengenezwa maabara. Uliza kabla ya siku ya upasuaji ili kuwe na muda wa kuitafuta, na kama haipo umuulize unayemwamini kuhusu hukumu ya dharura. Usikatae kimoyomoyo ukaacha kuchomwa.

Wiki mbili kabla ya upasuaji utapewa mlo mdogo wa kusinyaza ini, kati ya kalori 800 na 1,200 kwa siku. Ini lenye mafuta hufunika tumbo, na daktari wa upasuaji wa matundu hulazimika kulinyanyua ili aone anapokata. Likiwa kubwa aweza kuahirisha au kufungua tumbo zima. Hapa dawa zako zina mtego. Glibenklamaidi hukamua insulini hata usipokula, kwa hivyo sukari yaweza kuanguka ukazimia. Lazima ipunguzwe au isimamishwe na daktari tangu siku ya kwanza ya mlo huo. Baada ya upasuaji, ile haidroklorothiazaidi iliyo ndani ya dawa ya presha hukutoa maji wakati ambao hata kikombe kimoja ni kazi kunywa. Mwombe daktari abadilishe. Metformini ya kutoa pole pole nayo ibadilishwe kuwa ya kawaida.

Chakula: wiki mbili za kwanza ni vya maji, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa yasiyo mafuta, uji mwepesi. Kisha wiki mbili za kusaga, halafu vilaini hadi wiki ya nane hivi. Kipimo chako cha mwanzo ni kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha barazani, si bakuli. Maji lita 1.5 kwa siku, kwa kunyonya kidogo kidogo, wala usinywe pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Protini gramu 60 hadi 80 kila siku, na hapa ndipo watu huanguka. Yai moja ni gramu 6, kikombe cha maziwa lala kama 8, samaki wa gramu 100 aliyepikwa ni zaidi ya 20. Kwa hivyo samaki huliwa kwanza, wali ukibaki na nafasi. Mahamri na mkate mwororo hugeuka donge na kukwama. Mshikaki usiotafunwa vizuri vivyo hivyo. Kaimati, juisi ya miwa, soda na tende nyingi, baada ya baipasi, huteremka utumboni kwa kishindo: moyo kwenda mbio, jasho, kuhara, ndani ya nusu saa. Ukitapika mfululizo siku mbili tatu, omba sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, la sivyo ubongo na macho huweza kudhurika.

Vidonge ni vya maisha: multivitamini kamili, B12 (sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi ni rahisi kukumbuka), kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa mara tatu, vitamini D, na chuma miligramu 45 hadi 60 kwa sababu bado unapata hedhi. Chuma na kalsiamu ziachane angalau saa mbili, maana hugombana. Nenda duka la dawa leo uulize bei ya haya yote kwa mwaka mzima, uiongeze kwenye hesabu ya safari. Kama haimudiki, hiyo ni sababu halali ya kungoja. Bima yako pia iulize kwa maandishi kama inalipia upasuaji huu, na usitosheke na ndiyo ya mdomoni.

Ramadhani: miezi ya mwanzo mwili hauwezi kunywa maji ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri kwa kikombe cha kahawa. Madaktari wengi husema ungoje hadi mwaka, na mgonjwa ana ruhusa ya kulipa. Pangeni upasuaji uwe baada ya Idi, si kabla.

Mume wako: kisheria sahihi ni yako peke yako, wewe ni mtu mzima. Lakini huyo ndiye atakayekuamsha umeze dawa na kukimbiza gari usiku, basi aje nawe kwa daktari aulize mwenyewe. Kuhusu mtoto wa nne mna la kupatana. Mimba ingoje miezi 12 hadi 18, na tahadhari, kwa sababu kilo zikipungua uzazi hufunguka ghafla. Vidonge vya kupanga uzazi haviaminiki sana baada ya baipasi. Kijiti au koili ni bora, na iwekwe kabla ya kupasuliwa. Mkitaka mtoto mwaka huu, basi zaa kwanza.

Hujaulizia sindano za uzito, ila utaambiwa. Semaglutaidi hupunguza wastani wa asilimia 15 na tirzepataidi kama 20, lakini ukiacha, kilo nyingi hurudi, na bei ni ya kila mwezi. Shirika la Afya Duniani lilionya Juni 2024 kuhusu Ozempic bandia, kwa hivyo usinunue kwa mtu wa mtandaoni. Kwa BMI ya 44 upasuaji una nguvu zaidi. Sindano ni njia halali kwa asiye tayari.

Wiki hii fanya mawili tu. Weka miadi ya endoskopi na vipimo vya damu. La pili, diklofenaki hiyo iache leo, upasuaji uwepo usiwepo: ikichanganywa na losatani na haidroklorothiazaidi, ile dawa ya kukojoza, tatu kwa pamoja hubana damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mwenye sukari hazina cha akiba. Meza parasetamoli gramu 1, si zaidi ya mara nne kwa siku, na upimwe kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, pamoja na vipimo hivyo vingine vya damu.